Pai Iliyoona Moto

Mlio wa soda ikifunguliwa ni uleule kila mahali: psss fupi, halafu kizibo kinagonga meza. Nimeusikia Malakisi kando ya mabanda ya tumbaku, nimeusikia Kimilili siku za soko, na haujawahi kunisumbua. Lakini mwezi uliopita, hapa Kitale, nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai nikingoja mvua ipungue. Mwenye kibanda, mama mmoja mnene mwenye haraka, alifungua soda ya machungwa huku maziwa yakichemka karibu yake. Maziwa yakafurika. Akaruka kuyaokoa, kiwiko kikagonga chupa, na soda ikamwagika juu ya makaa pamoja na maziwa.

Harufu iliyopanda hapo sijui niiteje. Machungwa ambayo si machungwa, maziwa yaliyoungua, sukari inayogeuka nyeusi. Wengine walifunika pua. Mimi nilisimama na kikombe mkononi, nikawa na miaka minane, na nikajikuta namtafuta nyanya yangu kwa macho kati ya watu wanaokunywa chai.

Nitawasimulia ilivyokuwa. Lakini nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya siku zile tatu sikuielewa, na kidogo nilichoelewa nilikielewa vibaya.

Nililelewa na Kukhu, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma, kwenye boma dogo upande wa Myanga. Baba yangu alifariki kabla sijajua kutembea. Mama akaolewa tena mbali, na mimi, kwa kuwa ni mtoto wa boma lile, nikabaki. Tulikuwa watu wawili na ng'ombe mmoja aliyeitwa Sijali, kwa sababu alimpiga teke mtu yeyote bila kuangalia cheo. Kukhu alikuwa na kazi nyingi. Mimi nilikuwa na moja: kuuliza maswali. Naye alikuwa na jibu moja kwa yote, "Mdomo wako utakupeleka mbali." Sikujua kama ni baraka au ni laana. Bado sijajua, ingawa mdomo umenipeleka kweli.

Ijumaa moja ya likizo, mahindi yakiwa yamenipita urefu, Senge alikuja kutoka Kitale. Senge ni shangazi, dada ya baba. Alikuwa mpishi nyumbani kwa daktari mmoja huko, na mume wake alikuwa fundi wa trekta. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakuwa na mtoto. Hilo nililijua kama unavyojua kwamba mlima uko pale: hakuna aliyekuambia, unauona tu kila asubuhi. Alibeba katoni kichwani, na ndani ya katoni chupa ziligongana kila alipopiga hatua.

"Mulembe, mayi," alimsalimia Kukhu. Amani, mama.

"Mzuri sana," Kukhu akajibu kwa Kiswahili. "Karibu kiti."

Nilishangaa. Kukhu alikuwa na lugha mbili, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kibukusu kilikuwa cha kuishi. Kiswahili kilikuwa cha chifu, cha mnunuzi wa ng'ombe, na cha mtu yeyote aliyetaka kumweka mbali kidogo. Sikuwa nimewahi kumsikia akikitumia kwa mtu wa tumbo lake. Nilimtazama Senge kuona kama ameumia, lakini alikuwa ameinama akifungua katoni, na nilichoona ni kisogo chake tu.

Jioni hiyo nilikaa nje ya jiko, nikijifanya nachambua mboga, nikawasikia wakiongea.

"Mayi, unajua kilichonileta. Nimekuja kuomba."

"Kuomba ni kanisani."

"Nitamtunza vizuri. Unajua nitamtunza."

"Hapa ameshinda njaa? Ama amekonda?"

Sikusikia jina likitajwa. Nilifikiri kwa bidii ni nani aliye hapa kwetu, aliyenona, anayeweza kuombwa na mtu na kupelekwa Kitale. Nikapata jibu. Nilizunguka nyuma ya nyumba mbio, nikamkumbatia Sijali shingoni, nikamwambia asiogope, sitakubali. Alinipiga teke.

Asubuhi ya Jumamosi ndipo Senge aliponiita chini ya paa la ghala la mahindi. Alikuwa amefunga biskuti kwenye kitambaa safi na kunipa chupa tupu ya soda nizipondeponde. Ilikuwa kazi tamu. Nilipiga kwa nguvu mpaka akanishika mkono.

"Taratibu, wewe. Tunataka unga, si vumbi." Kisha, bila kubadilisha sauti, "Ungependa kuja kukaa na mimi Kitale?"

Niliacha kuponda. Kumbe ng'ombe nilikuwa mimi.

"Shule iko karibu," akaendelea. "Ukisimama mlangoni kwangu unaona bendera. Na pale ninapopika kuna friji. Unajua friji?"

"Hapana."

"Ni kabati. Ukifungua, ndani kuna baridi."

"Baridi inatoka wapi?"

"Inatoka humo humo."

"Na ikiisha?"

"Haiishi."

Sikuamini, lakini tangu dakika hiyo nilitaka kuliona kabati ambalo baridi yake haiishi. Nilitaka kulifungua ghafla nilifumanie. Na nilitaka vilevile, jioni hiyo na jioni zote zinazofuata, kulala nikiegemea mgongo wa Kukhu uliokuwa na joto la jiko. Sikuona sababu ya mambo hayo mawili kushindwa kukaa pamoja. Nilimuuliza Senge kama Kukhu atakuja na sisi. Akasema Kukhu hawezi kuacha boma. Nikamuuliza kama basi friji inaweza kuletwa Myanga. Akacheka, akanifuta vumbi la biskuti puani, akasema, "Kwanza tumpikie kitu cha kumfurahisha. Ama tusimpikie, maana hii haipikwi."

Mpango wake ulikuwa huu. Duniani Kukhu alipenda vitu viwili: maziwa na soda ya machungwa. Maziwa alikuwa nayo. Soda aliipata arusini, na hata huko hakuimaliza. Aliificha chini ya kitenge akaja nayo nyumbani, akainywa siku tatu kidogokidogo, tena ikiwa ya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Sasa kwa mke wa daktari Senge alikuwa amejifunza pai inayounganisha vyote viwili. Mama yake akionja, alisema, moyo wake utalainika, na moyo ukilainika mdomo utafuata.

Tuliyeyusha majarini juani, tukaichanganya na biskuti zilizopondwa, tukaikandamiza kwenye sufuria kubwa ya Kukhu mpaka chini na kandokando pakawa na ukuta wa kahawia. Halafu Senge akamwaga soda mbili kwenye bakuli, akaanza kuikoroga kwa mwiko. Ilitoa povu, ikalia, ikanyamaza. Akakoroga tena.

"Unafanya nini?"

"Natoa gesi. Gesi ikibaki, pai haitakaa chini."

Hilo lilinichanganya kabisa. Gesi ndiyo soda. Bila gesi ni maji yenye rangi. Mtu anatoka Kitale na chupa kichwani, halafu anakaa chini kuifukuza nguvu yote iliyomo. Nilichovya kidole nikaonja. Ilikuwa tamu na imekufa.

Krimu tuliipata kwa Kukhu, yale mafuta yanayokaa juu ya maziwa yaliyolala. Alikuwa ameikusanya siku mbili ili atengeneze samli. Aliitoa bila kusema neno, akaiweka mbele ya Senge, akaondoka. Senge akaipiga kwa uma mbili zilizofungwa pamoja na uzi, akapiga mpaka jasho likamtoka kidevuni, mpaka krimu ikasimama kama sabuni ya kunyolea. Akatoboa mikebe miwili ya maziwa mazito yenye sukari, akamimina, akakamua ndimu, akaongeza ile soda iliyokufa. Rangi ikawa kama ya papai lililoiva upande mmoja. Alinipa mwiko niulambe. Sijui kama nimewahi kulamba kitu kama kile tena. Baridi kidogo, uchachu kidogo, na utamu uliokuja nyuma kama mtu aliyechelewa anayekimbia.

Alikuwa akiimimina juu ya biskuti Kukhu alipotokea na jirani yetu, Mama Wanyonyi. Mama Wanyonyi alikuwa mwanamke wa kukubali. Ungesema jua ni kali, angesema, "Kali kweli." Ungesema mawingu yamejaa, angesema, "Yamejaa kweli." Watu walimpenda sana.

"Na jiko mtawasha saa ngapi?" Kukhu akauliza, bado kwa Kiswahili.

"Haipikwi, mayi. Inawekwa kwa baridi, inajishika yenyewe. Kesho tukitoka kanisani itakuwa tayari."

"Haipikwi?"

"Hapana."

Kukhu akamgeukia jirani. "Umesikia? Ati haipikwi."

"Nimesikia," Mama Wanyonyi akasema. "Sasa hiyo ni chakula ama ni dawa?"

"Basi hakuna maneno tena," Kukhu akasema, akaketi kama mtu aliyetua mzigo. "Mtu haombi mtoto na kitu hakijaona moto. Kwetu iko hivyo. Kwa mama yangu ilikuwa hivyo."

"Ni hivyo kabisa," akasema Mama Wanyonyi.

Senge alibaki na bakuli mkononi. "Mayi, nimezaliwa kwa hii nyumba na hiyo sheria sijawahi kusikia."

"Wewe ulitoka mapema."

"Basi nichinje kuku. Kuku ataona moto."

"Kuku ni wangu. Utaniomba mtoto na kuku yangu?"

"Nitanunua."

"Soko ni Jumatatu. Na si ulisema kesho mchana unarudi kazini?"

Senge alichukua mwiko, akalainisha uso wa pai polepole sana, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukaiweka sufuria ndani ya karai la maji ya chemchemi, tukaifunika gunia bichi, tukaificha kwenye kona ya ghala ambako jua halifiki. Aliponyooka alisema, "Kesho nikitoka kanisani nitaondoka tu." Kukhu akamwambia safari njema. Hata hiyo aliisema kwa Kiswahili.

Mimi nilisimama katikati yao nikiangalia huku na huku. Nilichoelewa ni kimoja. Kulikuwa na sheria, na sheria ilikuwa imeshikwa mahali padogo sana. Senge hakuwa amekataliwa. Pai ndiyo iliyokataliwa, kwa kosa moja tu, na kosa lenyewe lingeweza kurekebishwa na mtu yeyote mwenye makaa.

Jumapili tulienda kanisani wote. Kabla ya kutoka nilichungulia ghalani. Pai ilikuwa imeshika. Niliitikisa sufuria, nayo ikatikisika kama tumbo la mtu mnene anayezuia kicheko. Mhubiri alipofika katikati ya mahubiri, nilimvuta Kukhu nguo, nikasema tumbo linaniuma. Alinitazama kwa muda, akanifunga kitambaa chake kiunoni kama dawa, akaniruhusu. Nilitembea kwa kuinama mpaka nilipopita uzio wa kanisa, kisha nikakimbia.

Namna ya kuoka nilijua. Kila Krismasi nilimwona Kukhu akioka keki: makaa machache chini ya sufuria, mfuniko juu, na makaa mengine juu ya mfuniko, ili moto uone pande zote. Nilifukua makaa kwenye majivu, nikayapuliza, nikaongeza magunzi yakashika. Nikaitua sufuria juu ya mafiga, nikaweka mfuniko, nikapanga makaa juu yake moja moja kwa kijiti. Nikakaa, nikakunja mikono kama wanawake wakubwa wanavyofanya wakingoja chakula.

Mwanzoni kulikuwa kimya. Kisha sufuria ikaanza kunong'ona. Kisha ikaimba. Kisha mfuniko ukainuka upande, makaa yakateleza, na povu la rangi ya machungwa likatoka, likashuka ubavuni, likafika kwenye moto. Ndipo ile harufu ilipopanda. Nilirarua kile kitambaa kiunoni, nikaishika sufuria, nikaivuta, nikaungua vidole viwili. Alama moja ninayo mpaka leo.

Nilipofunua sikuona pai. Kandokando kulikuwa na kitu cha kahawia kilichong'ang'ania kama lami. Katikati kulikuwa na supu ya machungwa yenye vipande vipande kama maziwa yaliyoganda, na makombo ya biskuti yakielea juu. Kwenye keki ya Kukhu moto uliingia ukaacha kitu kigumu. Kwenye hii uliingia ukaacha maji. Niliketi mbele yake nikijaribu kuelewa. Nilikuwa nimefuata kila kitu.

Harufu iliwakuta langoni. Mama Wanyonyi ndiye aliyetangulia. "Nani ameunguza nini huku?" Nyuma yake alikuja Senge, tayari na mkoba begani, na nyuma ya Senge, Kukhu.

Nilisimama. Nilikuwa na jivu usoni na vidole mdomoni, lakini maneno nilikuwa nimeyapanga. "Kukhu, sasa imeona moto. Imeona juu na chini. Sasa Senge anaweza kuomba."

Senge aliweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo siwezi kuapa kama alikuwa anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua. Mama Wanyonyi alimtazama Kukhu ajue akubali nini, akakosa.

Kukhu alichukua kigoda. Akakaa mbele ya sufuria, akaniambia nilete kijiko. Nilileta. Akaanza kula. Alikula kutoka kando akielekea katikati, kama uji unavyoliwa, akipuliza kila kijiko ingawa chakula kilikuwa kimepoa. Kuna sehemu zilikuwa zimeungua kabisa, akazikwangua akazila. Hakusema tamu, hakusema chungu. Nilitaka kumuuliza anaonaje, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu swali likakataa kutoka. Nilikuwa nimemwona akila kwa njaa, na nimemwona akila kwa heshima ya mwenye nyumba. Huku kula sikukujua.

Alipofika chini alilamba kijiko, akakiweka juu ya goti. Kisha akaongea na Senge kwa Kibukusu, sauti ya chini, sauti ya kila siku. Alimwambia kwamba mtoto huyu hulala akirusha miguu, apangiwe upande wa ukuta. Kwamba maziwa ya asubuhi asipewe bila kitu cha kutafuna, tumbo litajaa hewa. Kwamba akikataa chakula asibembelezwe, aachwe, atarudi mwenyewe. Kwamba anauliza maswali, na anayechoka kujibu aseme amechoka lakini asimpige.

Nilisimama nikingoja amalize habari hizo ndogo ndogo ili atoe jibu. Mama Wanyonyi ndiye aliyenisukuma begani. "Wewe, unangoja nini? Nenda ufunge nguo zako."

Tulipokuwa tunaondoka, Kukhu hakutusindikiza langoni. Alichukua ndoo, akaenda kumkamua Sijali. Ilikuwa saa nane mchana. Hakuna anayekamua ng'ombe saa nane mchana, na Sijali alikuwa amekamuliwa asubuhi. Niligeuka mara tatu kumwambia Senge hivyo. Mara zote tatu aliniambia, "Twende, mayi, twende," akiniita mama mimi mtoto, na hilo nalo sikulielewa.

Friji niliiona siku ya pili. Niliifungua ghafla. Baridi ilikuwemo. Nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka mke wa daktari akaniambia kwa upole kwamba inatosha. Pai ile Senge aliitengeneza mara nyingi, ikashika vizuri, ikakatwa vipande vyenye pembe. Nilikula, ilikuwa tamu, na kila mara nilihisi imekosa kitu ambacho singeweza kumwambia mtu: ladha ya kuungua.

Kwa Kukhu nilirudi likizo chache, na kila likizo nilikuwa mgeni zaidi kidogo. Senge alinitunza kama alivyoahidi. Tatizo halikuwa yeye. Miguu yangu ilikuwa imeshaonja kwamba mtu anaweza kuamka Myanga na kulala Kitale, na darasa la saba nikaacha shule nikaifuata. Kukhu alifariki mwaka uliofuata. Nimechuma kahawa Kimilili, nimefunga tumbaku Malakisi, nimeuza mitumba, nimeosha vyombo kwenye hoteli ambazo hazina jina. Na kila nilikokaa nimeuliza, maana kuuliza sikuacha: kwenu hapa, mtu akija kuomba mtoto, ni lazima alete kitu kilichoona moto? Nimewauliza wazee waliotahiri watu, wanawake waliopokea mahari, na wapishi wa arusi. Wananitazama. Mmoja aliniambia kwamba mtoto haombwi kwa chakula, anaombwa kwa adabu. Hakuna hata mmoja aliyeijua sheria hiyo.

Nilimuuliza Senge pia. Alisema, "Mimi nilikuwa nimefunga mkoba. Nilikuwa naondoka bila wewe, na nisingerudi kukuomba tena."

Basi mvua ile ya Kitale ilipokatika, na harufu ya kibandani ikiwa bado imenishika nguoni, nilienda Myanga. Boma la Kukhu linalimwa na binamu yangu. Mama Wanyonyi yupo bado, amezeeka, amekuwa mdogo. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi. Nikakaa kwenye ngazi, nikamsaidia, nikamuuliza ile sheria ilitoka wapi.

Alicheka mpaka punje zikamwagika. "Sheria gani? Hakukuwa na sheria. Aliitunga palepale, nikamwona akiitunga."

"Na wewe ukasema ni hivyo kabisa!"

"Si alikuwa rafiki yangu? Angesema mbuzi anapanda mti, ningesema nilimwona jana." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Angesema nini, mtoto wangu? Aseme nataka abaki kwa sababu nikilala peke yangu naogopa? Kwa binti yake ambaye hana mtoto hata mmoja? Mdomo ulikataa. Akatafuta ukuta, akapata huo. Halafu wewe ukaja na makaa yako."

Nilipukuchua gunzi lote bila kuinua uso. Miaka yote nilikuwa nikijisifu kidogo moyoni kwamba niliharibu pai lakini niliokoa jambo. Kumbe Kukhu alikuwa na ukuta mmoja tu, mwembamba kama biskuti, na mimi ndiye niliyeuyeyusha. Angeweza kutunga mwingine. Angesema moto wa mtoto hauhesabiki, na Mama Wanyonyi angekubali. Hakusema. Aliketi akaula ukuta wake kijiko kwa kijiko, mpaka ulipokwisha.

"Unajua aliendelea kupika ugali wa watu wawili?" Mama Wanyonyi akasema. "Mpaka mahindi yakavunwa, yakapandwa tena. Nikamwambia, punguza unga. Akasema mkono umezoea. Basi nikawa nakuja jioni nakula ile yako."

"Yangu?"

"Yako. Na ulikuwa unakula mingi, wewe. Nilinenepa."

Tukacheka wote wawili. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Malakisi, na nilikuwa na gari la kuwahi, kama kawaida yangu, kwenda mahali ambapo hakuna aliyekuwa ananingoja. Nikashika mfuko wangu. Mama Wanyonyi akainuka kwa kushika ukuta, akaingia jikoni, nikamsikia akivunja kuni.

"Kaa chini," akaniita kutoka ndani. "Nimekula ugali yako mwaka mzima. Leo kaa ukule."

Nikauweka mfuko chini, nikakaa.